Kuchemka si Kuiva

Misigiri, njia panda ambapo barabara ya Kiomboi huachana na ile iendayo Nzega, keki huokwa kwa sufuria yenye mkaa chini na mkaa mwingine juu ya mfuniko, na kwa kuwa nyanda za Singida zimeinuka, maji huko huchemka kwa joto dogo kidogo kuliko Dar es Salaam, tofauti ambayo mwokaji huizoea bila kuipa jina. Tofauti hiyohiyo hugeuka taabu kamili katika kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wa hewa juu ya kila kitu, imepungua kiasi cha maji kutokota yakifika nyuzi joto 85 hivi badala ya 100, hata maharage makavu yangeweza kumaliza gesi yakiwa bado magumu.

Keki ndiyo inayompima mpishi wa mlimani. Kuni haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo hupika kwa jiko la gesi, sufuria ndogo ikiwa ndani ya kubwa juu ya vijiwe, bila moto wa juu. Kuta za sufuria zinaweza kupata joto kali, lakini kiini cha keki, maadamu kina majimaji, hakivuki joto la kuchemka. Na wakati huohuo viputo vya hewa, kwa kukosa cha kuvikandamiza, huvimba na kupasuka kabla unga haujakaza, keki ikabonyea katikati mithili ya kitanda cha kamba zilizolegea. Fundi hupunguza beking pauda, hupunguza na sukari, ambayo huchelewesha unga kukaza, huongeza yai, kisha husubiri. Mkate wa hamira una ukaidi wake: hewa nyepesi huuharakisha kuumuka ilhali baridi huilaza hamira, ambayo ni kuvu hai, hivyo saa haisaidii kitu, na mpishi hubonyeza donge kwa kidole akitazama shimo linavyorudi.

Maji ya kukandia nayo, katika kambi hiyo iliyopewa jina la barafu na isiyo na kijito, hubebwa na wapagazi kutoka bonde la Karanga. Usiku wa manane, wapandaji waamkapo kukielekea kilele cha Uhuru, chai huwa tayari inatokota, ila majani hutoa rangi kivivu, na wanywaji hudhani mpishi ameyabania.