Neno "Bure" na Nia ya Sala katika Kitabu cha Ayubu

Kitabu cha Ayubu aghalabu huhesabiwa kuwa kitabu cha mateso, na swali lake kuu hudhaniwa kuwa ni kwa nini mwenye haki ateseke. Swali hilo lina uzito wake, lakini silo linaloianzisha hadithi. Katika 1:9 Shetani hakanushi kwamba Ayubu ni mcha Mungu. Anachokitilia shaka ni nia ya uchaji huo. Kwa maoni yake, mtu aliyezungushiwa ulinzi na kubarikiwa kondoo 7,000 na ngamia 3,000 hana sababu ya kutosali. Ayubu, kwa ufupi, ni mfanyabiashara hodari. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hili la nia ndilo linalokishikilia kitabu chote, na kwamba jibu lake halimo katika mafundisho yanayotolewa humo juu ya Mungu, bali limo katika namna Ayubu anavyosema naye.

Neno la Kiebrania ambalo Shetani analitumia ni *hinnam*. Neno hili linajitokeza mara nne. Mara ya kwanza, katika 1:9, maana yake ni bila malipo. Mara ya pili, katika 2:3, Mungu mwenyewe anamwambia Shetani kwamba amemchochea amwangamize Ayubu pasipo sababu. Katika 9:17 Ayubu analalamika kwamba majeraha yake yanazidishwa pasipo sababu. Na katika 22:6 Elifazi anamshtaki kwamba aliwatoza ndugu zake rehani pasipo haki. Mfasiri anapotumia maneno mbalimbali mahali hapa, msomaji hupotewa na kiungo kikubwa: Shetani aliuliza kama mtu aweza kumpenda Mungu bila faida, naye Ayubu akaadhibiwa bila kosa ili swali hilo lijibiwe. Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Huduma isiyolipiwa ni ya bure, na mtoto asiye na kosa akipigwa, amepigwa bure. Neno moja laweza kuzibeba sehemu zote nne, na inafaa wafasiri walitafakari.

Baada ya sura ya pili Shetani hatajwi tena. Wasomaji wengi wameliona jambo hilo kuwa upungufu wa utunzi. Yamkini si upungufu, maana hoja yake haikuondoka pamoja naye: imechukuliwa na rafiki za Ayubu, tena kwa nia njema. Katika sura ya 22 Elifazi anamsihi Ayubu apatane na Mungu, na papo hapo anamtajia mema yatakayomfikia: atajengwa upya, atasikilizwa aombapo, na mipango yake itafanikiwa. Ushauri huu una sura ya ibada kamili. Lakini ukipimwa kwa nia, ni nadharia ile ile ya Shetani, kwamba mtu husali ili apate. Tofauti iliyopo ni kwamba Shetani aliitoa kama shutuma, ilhali Elifazi anaitoa kama mahubiri. Lau Ayubu angeufuata ushauri huo, Shetani angeshinda kwa msaada wa mcha Mungu.

Jibu la Ayubu laonekana katika sarufi kabla ya kuonekana katika maudhui. Elifazi, Bildadi na Sofari wananena mengi juu ya Mungu, na baadaye Elihu anaongeza sura sita. Lakini katika hotuba zao zote hakuna hata mmoja anayemwelekea Mungu akasema naye. Kwao Mungu ni nafsi ya tatu daima. Ayubu pekee ndiye ahamaye kutoka "yeye" hadi "wewe". Anafanya hivyo katika sura ya 7, ya 10, ya 13 na ya 14, mara nyingi katikati ya hotuba aliyoianza kwa kuwajibu rafiki zake. Maneno yake ni makali: anauliza kwa nini afanywe shabaha, anataka aachwe, anadai kusikilizwa kama mtu aliye mbele ya hakimu. Hata hivyo hakuna mahali anapoomba arudishiwe mifugo wake. Anachokitaka ni kujibiwa. Mtu anayegombana na mwenzake bila kutaka chochote kwake ila jibu amekwisha kuonyesha kwamba uhusiano wenyewe ndio anaouthamini.

Kwa sababu hiyo hukumu ya 42:7 ina maana kubwa. Mungu anawakasirikia rafiki kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Kihusishi cha Kiebrania kilichotumika hapo, *el*, chaweza kuchukuliwa kwa maana ya "juu ya", na hivyo ndivyo ilivyozoeleka. Lakini maana yake ya kawaida ni "kwa" au "kuelekea". Ikisomwa hivyo, kosa la rafiki si mafundisho mabaya tu, bali kwamba hawakunena na Mungu hata mara moja. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1791, aliusifu unyofu wa Ayubu dhidi ya maneno ya kujipendekeza ya rafiki zake. Gustavo Gutiérrez wa Peru, katika kitabu chake cha mwaka 1986, aliliweka swali la imani isiyotazamia malipo mahali pake pa haki. Lakini kitabu hicho, kama jina lake linavyodokeza, chauliza namna ya kunena juu ya Mungu. Hapana budi kuongeza namna ya kunena naye.

Yaweza kupingwa kwamba mwisho wa hadithi unaiharibu hoja hii. Ayubu anapewa kondoo 14,000 na ngamia 6,000, mara mbili ya alivyokuwa navyo. Je, hayo si malipo? Ili kujibu, inafaa kulinganisha sala mbili. Katika 1:5 Ayubu anaamka alfajiri na kutoa sadaka kwa ajili ya watoto wake, asije akawa mmoja wao amekosa. Ni sala ya upendo, lakini pia ni sala ya tahadhari, ya mwenye mali anayeilinda nyumba yake. Katika 42:8 anatakiwa awaombee watu waliomwongezea uchungu. Hajarudishiwa kitu, wala haahidiwi kitu. Wanaofaidika ni wao. Hiyo ndiyo sala ya bure.

Ndipo inapokuja 42:10, ambapo Mungu anamrudishia hali yake alipowaombea rafiki zake. Kiambishi *-po-* ni cha wakati, na kinalingana vema na Kiebrania. Hakisemi "kwa sababu". Mhubiri anayekigeuza kiwe cha sababu, akawafundisha waumini kuwaombea wengine ili nao waongezewe maradufu, amemrudisha Elifazi mimbarini. Tena mtunzi mwenyewe ametia kizuizi: mifugo waliongezeka maradufu, lakini watoto walikuwa saba wa kiume na watatu wa kike kama mwanzo. Wale waliokufa hawakulipwa.

Katika Kiswahili mwombaji ni yule asaliye, na pia ni yule anyoshaye mkono barabarani. Lugha haikukosea kuyaweka mawili hayo pamoja, kwani mwumini ana haja kweli, na Ayubu mwenyewe aliomba kwa machozi. Lakini kitenzi hicho hicho kina kauli ya kutendea, *kuombea*, ambayo kwayo faida ya ombi humwendea mwingine. Kitabu cha Ayubu kinaanza na mtu anayewaombea walio wake, na kinaishia kwa mtu yule yule akiwaombea waliomhukumu. Kati ya sala hizo mbili ndipo swali la Shetani lilipojibiwa.