Namna ya Kuitambua Picha Bora ya Treni

Picha bora ya treni huonyesha kazi: mzigo unaovutwa, mlima unaopandwa na ustadi wa waliomo ndani. Rangi kali na anga ya kuvutia ni nyongeza tu.

Tupimie vichwa vya treni vya mvuke aina ya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa Manchester na Beyer, Peacock kuanzia 1955 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Vilikuwa 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na vilipewa majina ya milima yetu. Vilivuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, juu ya mita 1,600, kwenye reli yenye upana wa mita moja tu. Kimojawapo, namba 5918, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi.

Anza na magurudumu. Jua letu la adhuhuri huwa utosini, na kivuli cha chombo huyafunika magurudumu yakawa giza tupu. Mpiga picha mzoefu huwahi saa moja asubuhi au hungoja saa kumi na moja jioni, mwanga unapoingia kutoka ubavuni. Kisha tazama vyuma vinavyounganisha magurudumu. Vikinaswa vikiwa chini kabisa, njiti huonekana vizuri na mwendo wa chombo ukasomeka. Garratt ina injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma ya boila moja, na hazizunguki kwa mpigo mmoja. Kuzikuta zote mbili katika hali hiyo kunataka subira, na picha ya namna hiyo ni ya kutunzwa.

Usidanganywe na moshi. Vichwa hivi vilitumia mafuta mazito. Wingu jeusi tii huwapendeza wengi, lakini mara nyingi ni mafuta yanayopotea bila kuungua. Mtia moto hodari alitoa moshi mwembamba wa kijivu. Ukiona treni ndefu imo mlimani na juu yake pana utando mwepesi tu, hapo umeonyeshwa watu wanaoijua kazi yao.

Dai mahali. Kichwa kilichojaza picha nzima kingeweza kuwa popote. Konani, mabehewa hujitokeza nyuma na uzito wa safari ukaonekana. Udongo mwekundu na mibuyu ya njia ya Voi humaliza habari. Kagua pia kingo: mkia uliokatwa ovyo au nguzo iliyoota juu ya bomba la moshi huharibu hata picha yenye mwanga mzuri.

Treni za umeme zinazokwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu 2024 hazina moshi wala vyuma vya kupanda na kushuka. Kwazo hamisha jicho juu: mkono unaogusa waya uwe mzima ndani ya picha, na nguzo za umeme zisiukate uso wa treni.

Soma maelezo. Picha ya kuhifadhiwa iandikwe namba ya kichwa, mahali, treni inakoelekea na tarehe. Kisha hakikisha maandishi yanaafikiana na chombo. Garratt ya daraja la 59 iliyoandikwa "1950" ina tarehe ya uongo. Bomba nalo ni shahidi: vichwa hivi vilianza na bomba la duara, baadaye vikafungwa bomba la Giesl, jembamba na refu kutoka mbele kwenda nyuma.

Picha mbili zikikutatiza, jiulize ni ipi ambayo dereva wa njia ile angeitazama akakutajia mahali, mzigo na namna kichwa kilivyokuwa kikifanya kazi. Nunua hiyo, hata kama mwenzake ana machweo mazuri zaidi.