Nani Aliye Sugu?

Jina la Mafiga, kata ya mjini Morogoro, latukumbusha kwamba chungu hukaa juu ya mawe matatu. Tiba nayo ina watatu: mgonjwa, dawa na bakteria. Istilahi "usugu wa dawa", ambayo imeenea mno, kisarufi huifanya dawa ndiyo iwe sugu. Wasomaji wengine hudhani ni mwili uliozoea dawa. Kumbe aliyebadilika ni bakteria.

Sayansi yathibitisha hayo. Mwaka 1984 Mizuno, Chou na Inouye walieleza MicF, RNA ndogo ya bakteria Escherichia coli. RNA hiyo haiundi protini, bali huzuia kuundwa kwa OmpF, protini iliyo mlango wa baadhi ya dawa. Walipoongeza nakala za jeni yake ndani ya seli, milango hiyo ilipungua.

Twapendekeza basi "usugu wa bakteria dhidi ya dawa" na "RNA ndogo dhibiti". Udogo pekee hautaji kazi. Istilahi hizi ni ndefu, twakiri. Lakini mfasiri apunguzapo maneno asipunguze ukweli, maana mgonjwa adhaniaye mwili wake ndio sugu atajiongezea dozi bila kumwuliza mganga.