Maswa, Ikola, Kiriza: namna samaki wa mapambo anavyopewa jina

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika huuzwa kwa jina la kisayansi likifuatwa na la mahali alipovuliwa: Tropheus duboisi "Maswa", Tropheus "Ikola". Utaratibu huu umetokana na maisha ya samaki wenyewe.

Tropheus ni wa familia moja na perege. Hula mwani unaoota juu ya mawe na hathubutu kwenda mbali nayo. Ghuba ya mchanga au delta ya mto Malagarasi kwake ni mpaka. Ndiyo maana kila kipande cha ufukwe wenye miamba kina samaki wa rangi zake, na aina hizo za rangi zimepita mia moja. Anayeagiza Tropheus moorii bila kutaja mahali anaweza kuletewa samaki asiyemtarajia kabisa.

Kwa duboisi kuna ugumu zaidi. Vifaranga wake ni weusi wenye madoa meupe, watoke popote. Wakikua madoa hufutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mkanda unajitokeza ubavuni. Wa Maswa huwa na mkanda mpana wa njano. Mnunuzi wa vifaranga, basi, hana cha kutegemea ila maandishi ya kwenye mfuko. Kwangu hapo ndipo uaminifu wa biashara hii unapopimwa.

Majina ya kuvutia wateja yalizidisha fujo. Tropheus mweusi mwenye mkanda wa njano wa Ikola, mkoani Katavi, aliitwa Kaiser. Wa Kiriza, upande wa Kongo, naye akaitwa Kaiser, mpaka ikabidi aongezewe tarakimu: Kaiser II. Jina la mahali ni bora, ingawa nalo halitoshi likiwa peke yake: Mtanzania akisikia Maswa hufikiria wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, si ufukwe wa ziwa.

Balaa kubwa ni chotara. Tropheus wa fukwe mbili wakiwekwa tangi moja huzaana, na watoto wakiuzwa kwa jina la kijiji cha mama, ukoo umeshapotea. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazishughulikii majina ya chotara. Wakulima wa maua wako mbele: tangu 1961 Royal Horticultural Society ya London inatunza daftari la chotara wa okidi, lililorithi orodha ya akina Sander, wafanyabiashara wa okidi, na kila jina husajiliwa pamoja na wazazi wake wawili. Kanuni hiyo inatufaa.

Wasafirishaji wa Kigoma na wafugaji waandike spishi, mahali, nchi, na kama samaki amevuliwa ziwani au amezalishwa. Chotara atajwe kuwa chotara, kwa majina ya wazazi wote wawili, na asipewe kamwe jina la kijiji.