Mwalimu wa Mashine na Saa za Kinango

Mashine ifundishayo haistahili dharau. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kuwa mwanafunzi wa kadiri aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita wanafunzi 98 katika kila 100 waliofundishwa darasani kwa desturi. Watengenezaji wa kompyuta wakaiandama daraja hiyo. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alilinganisha majaribio mengi, akaona kuwa faida ya mwalimu wa faragha ilikuwa imekuzwa mno, na kwamba kompyuta ifuatayo kazi ya mwanafunzi hatua kwa hatua ilimkaribia sana: kwa kipimo cha wataalamu, mtu 0.79, kompyuta 0.76.

Ndani ya kompyuta za namna hiyo mna hatua zilizo sahihi pamoja na makosa yanayotazamiwa. Jibu la mwanafunzi hulinganishwa nayo, ndipo apewe dokezo au zoezi jingine. Basi ujuzi wa mashine hauzidi ujuzi wa yule aliyeyatazamia makosa, na hapo ndipo ilipo dosari.

Mfikirie mtoto wa Kinango, katika Kwale, asemaye Kiduruma nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kitabuni. Swali la Kiingereza lasema kuwa basi liliondoka asubuhi, saa ambayo lugha hiyo huiandika 8, likaenda kwa muda wa saa 3. Lilifika lini? Mtoto aigeuza 8 kuwa saa mbili, ajumlisha tatu, aandika 5. Jibu lililotakiwa ni 11. Mashine isiyoambiwa kuwa saa zetu huanza kuhesabiwa jua lichomozapo humrudisha kwenye mazoezi ya kujumlisha, jambo alijualo barabara! Mwalimu aliyekulia huko hutabasamu, akamwambia aongeze sita.

Walakini tusiwapendelee walimu. Wengi hufuata mpango wa somo pasipo kuuliza kosa limetoka wapi. Na mbele ya mashine mtoto hukosea mara tatu bila ya kuchekwa na wenziwe.

Kompyuta za mazungumzo, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, zimelishwa maandishi mengi, na huenda habari za saa zetu zimo. Lakini kuwa na habari ni jambo moja, kuikumbuka mbele ya tarakimu 5 iliyo peke yake ni jingine. Dawa yake si ghali: madaftari ya Kinango yaliyokwisha kusahihishwa, na alasiri moja ya kumsikiliza mwalimu aliyeyatia wino mwekundu.