Sadaka katika Marthia za Nana Asma'u

Wahakiki wanapomtaja Nana Asma'u wa Sokoto (1793–1864), aghalabu humwita mwalimu kwanza, mshairi baadaye. Si kosa, ila hatari yake ni kwamba tungo zake husomwa kama masomo ya chuoni yaliyotiwa vina. Twaonelea kuwa marthia zake, yaani tungo za kuomboleza wafu, zafaa zisomwe kwa jicho jingine.

Nasaba yake ilikuwa tukufu. Baba yake ni Shehu Usman dan Fodio, aliyeongoza jihadi ya mwaka 1804 dhidi ya watawala wa Gobir. Kaka yake ni Muhammad Bello, aliyekuwa mtawala wa Sokoto hata alipofariki mwaka 1837. Na mumewe, Gidado, alikuwa waziri. Alitunga kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu. Ukarimu wake wajulikana zaidi kwa habari za 'Yan Taru, wanawake wa vijijini waliomwendea kwa makundi kutafuta elimu. Kiongozi wa kundi, aliyeitwa jaji, alivishwa malfa, kofia pana ambayo kwa desturi ni vazi la wanaume. Zawadi walizomletea bibi huyo hazikukaa ghalani mwake, aliwagawia wahitaji.

Lakini sadaka ya namna hii ingali inateremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Katika marthia mambo hubadilika. Al-Khansa, bingwa wa marthia za Kiarabu, alimlilia nduguye Sakhr, na ukarimu aliousifu ni wa shujaa mwenye mali, mlishaji wa wageni. Asma'u naye alimlilia Bello kwa sifa zinazomstahili mtawala. Hata hivyo, kwa bahari ileile ya huzuni, alimlilia Halima, jirani mvumilivu aliyepatanisha jamaa, na Zaharatu, aliyefundisha wasiojua, akaosha maiti, akawahudumia wazazi wenye uchungu. Hapa mtoaji hana hazina. Anachotoa ni mikono yake na usiku wake, na mshairi anakihesabu kuwa sadaka kamili. Utanzu uliozoea kubeba majina ya mashujaa umebebeshwa jina la mwosha maiti. Huo, kwa maoni yetu, ni uamuzi wa kisanaa, wala si somo la fiqhi.

Mwelekeo huohuo waonekana katika utungo wake juu ya wanawake wacha Mungu, uliotokana na kitabu cha Bello cha mwaka 1835. Bello alichanganya sifa na maonyo makali kwa wanawake. Asma'u aliyaacha maonyo, akaongeza majina ya wanawake wa jamii yake.

Tusimpambe kupita kiasi. Sokoto ilikuwa dola yenye watumwa wengi, na faragha ya mwanamke wa kiungwana kusoma na kutunga ilitegemea jasho la wengine waliotwanga na kuteka maji. Jasho hilo halikupata marthia yake. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, Asma'u angali hai. Naye anamwusia bintiye amtendee mhitaji kwa kadiri awezavyo, na papo hapo amtenge na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Tofauti ni kwamba sadaka ya Mwana Kupona ni sehemu ya adabu za bibi wa nyumba, ilhali ya Zaharatu humtoa mlangoni, ikampeleka kwenye nyumba ya mfiwa.

Lipo tatizo moja linalotuhusu sisi wa idara za lugha za Kiafrika. Wengi wetu humsoma Asma'u kwa tafsiri za Kiingereza za Jean Boyd na Beverly Mack, zilizokusanywa mwaka 1997. Ni kazi kubwa, na bila hiyo makala haya yasingeandikwa. Lakini katika tafsiri kina hutoweka, mizani hutoweka, na marthia ya Zaharatu hubaki orodha ya matendo mema. Aliyeisikia ikisomwa kwa sauti Sokoto hakusikia orodha. Mpaka tutakapokuwa na wanafunzi wanaoweza kuzipima tungo hizi kwa Kifulfulde na Kihausa chake, hukumu yetu juu ya ushairi wake itakuwa nusu.