Ilimba ya Hukwe Zawose

Mtu anayetaka kujua mwanamuziki wa Tanzania Hukwe Ubi Zawose alikuwa fundi wa namna gani aitazame kwanza ilimba, marimba ya Wagogo. Ni sanduku la mbao, juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Kusogeza chuma mbele au nyuma kidogo tu kunatosha kubadili sauti yake. Katika ilimba kubwa, vingine mpigaji havigusi kabisa. Vimelinganishwa na vyuma vya jirani, basi jirani akilia navyo huvuma. Kisha kuna tundu lililozibwa kwa ule utando mwembamba ambao buibui hufunikia mayai yake. Utando huo hutetemeka kwa kila pigo, na kuipa ilimba mvumo wa mzinga wa nyuki.

Mvumo huo ndio roho ya chombo. Nawaonea huruma mafundi mitambo wanaoudhani kuwa hitilafu na kutaka kuuondoa.

Zawose alizaliwa mkoani Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1930, akakua akichunga ng'ombe na kujifunza muziki kwa baba yake. Malisho ya Ugogo ni makavu na mapana, na mchungaji ana kutwa nzima ya kupiga zeze, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, na kuimba bila kumkera mtu. Nadhani hapo ndipo koo lake lilipopata uhuru ule: neno linaanza chini, zito, la kukwaruza, na kabla hujalizoea limeruka juu kwa sauti nyembamba kabisa, kisha limerudi. Sauti zenyewe Wagogo hawazipimi kwa piano. Wanafuata zile ambazo uzi huzitoa wenyewe kwa asili, na mojawapo huangukia pale ambapo piano haina kitufe. Sikio lililozoea kinanda hushtuka mara ya kwanza. Mara ya pili huanza kuisubiri.

Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati taifa changa lilipokuwa likikusanya ngoma za makabila yake jukwaa moja. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose alikuwa miongoni mwa waliofundisha pale. Mchungaji wa bara akahamia pwani, akawa mwalimu.

Kufundisha ufundi huu ni kazi ya subira, na kwangu mimi ndiyo sehemu kubwa zaidi ya maisha yake. Hauna karatasi ya nota. Mwanafunzi hukaa karibu na mwalimu, macho kwenye vidole gumba, sikio kwenye koo, maana mikono inakwenda na mwendo wake na wimbo una wake, huku njuga za miguuni zikishika wa tatu. Ukiukamata mmoja, mwingine unakuponyoka. Dawa yake ni kurudia, mpaka mwili uache kuhesabu.

Dunia nayo ilimwita. Aliimba katika majukwaa ya WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na kampuni ya muziki ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ikatoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Wengi huipenda hiyo ya pili. Mimi ni mtu wa Chibite, ambako zeze na ilimba vinasikika bila kufunikwa na kitu, na anayesikiliza anasogezwa karibu kabisa na pumzi ya mwimbaji.

Alifariki Bagamoyo Desemba 2003, na ukoo ukaendelea kupiga. Mwanawe Msafiri alishika njia yake. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake walikuwa na ngoma zao za muheme na sehemu yao ya kuitikia, lakini zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walikuwa kwenye kuitikia kwa miaka mingi. Mwaka 2024 wakatoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Humo wanaoongoza wimbo ni wao, na vyombo wanavipiga wenyewe.